Sanduku la Gia na Karanga za Kongwa

Watu wengi wa Singida, hata wale waliozaliwa miaka mingi baada ya Uhuru, wamekwisha kusikia habari za Mpango wa Karanga wa Kongwa. Jina hilo likitajwa barazani, kila mtu ana sababu yake ya kueleza kwa nini kazi ile kubwa ilikufa. Huyu husema mvua, huyu husema udongo, na mwingine husema kiburi cha wageni waliokuja na ramani wasiulize wenyeji. Sababu hizo zote ni za kweli, wala sina nia ya kumpinga ye yote. Lakini iko sababu nyingine isiyosemwa sana, kwa kuwa imefichwa ndani ya chuma na mafuta, nayo ni habari ya magurudumu ya meno yaliyomo katika sanduku la gia la trekta, na vyuma vidogo vinavyoyashika yasiyumbe. Nataka kuieleza kwa urefu kidogo, maana siku hizi matrekta yamo vijijini mwetu, na yaliyotokea Kongwa katika maelfu ya eka yaweza kutokea tena katika shamba la eka kumi.

Kongwa si nchi ya mbali. Zamani za utawala wa Waingereza, Singida, Manyoni na Mkalama zilikuwa katika Jimbo la Kati pamoja na Dodoma, Kondoa na Mpwapwa, nayo Kongwa ilikuwa upande wa Mpwapwa. Singida ilipata kuwa mkoa peke yake mwaka 1963. Mtu wa Manyoni akifika Kongwa haoni nchi ya ajabu: vichaka vya miiba, mibuyu, mvua ya msimu mmoja, na kiangazi kirefu ambacho udongo wake mwekundu hukauka hata ukawa kama tofali lililochomwa.

Mwanzo wa mambo ni njaa ya mafuta. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula na ya kutengenezea sabuni, watu wakapimiwa chakula kwa kadi. Mwezi wa Machi 1946, Bwana Frank Samuel, mmoja wa wakuu wa kampuni ya United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Serikali ikamtuma Bwana John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, pamoja na wenzake wawili, watazame nchi. Walizunguka wiki tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege, na Septemba mwaka ule ule wakatoa taarifa yao. Februari 1947 mpango ukatangazwa: eka 3,210,000 zifyekwe na kulimwa kwa muda wa miaka sita, katika mashamba 107, kila moja la eka 30,000. Themanini kati ya hayo yangekuwa Tanganyika, na mengine Kenya na Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Waziri aliyeusimamia huko London alikuwa Bwana John Strachey, na gharama ilikadiriwa kuwa kama pauni milioni 25. Kampuni ya Bwana Samuel ilianza kazi kwa niaba ya Serikali, na Machi 1948 ikampisha mwenye kazi aliyekusudiwa, yaani shirika la Overseas Food Corporation.

Tufikiri kidogo juu ya eka 30,000. Jamaa yenye bidii na jembe la mkono hulima eka tatu au nne kwa msimu, na yenye ng'ombe wawili wa nira hulima zaidi kidogo. Shamba moja tu kati ya yale 107 lingetaka jamaa elfu kadha wa kadha. Kwa hiyo mpango wote ulisimama juu ya kitu kimoja, nacho ni trekta. Hesabu yake ilikuwa nyepesi kwenye karatasi: matrekta fulani, mara saa fulani kwa siku, mara siku fulani kabla ya mvua, jawabu ni eka. Hesabu ya namna hii hudhani kwamba kila trekta litakuwa zima kila asubuhi.

Na matrekta yenyewe yalitoka wapi? Baada ya vita, mazito mapya hayakupatikana upesi, maana viwanda vilikuwa na maagizo mengi kupita uwezo wao. Basi wanunuzi wakatafuta masalio ya vita, na mengi wakayapata katika visiwa vya Ufilipino, ambako jeshi la Marekani lilikuwa limeyaacha. Yalikuwa matrekta ya minyororo, makubwa, mengi ya kampuni ya Caterpillar. Yalikwisha kufanya kazi ya vita, kisha yakakaa katika hewa ya chumvi ya bahari. Yakapakiwa melini hadi Dar es Salaam, yakapandishwa gari moshi, yakaletwa bara.

Sisi watu wa Singida twajua mnada. Mtu anunuaye ng'ombe asiyemjua humshika pua, akamfungua kinywa, akatazama meno, ndipo anapotaja bei. Trekta nalo lina meno. Lakini kinywa chake kimefungwa kwa bolti nyingi, na kukifungua ni kazi ya siku nzima yenye spana, nondo na mnyororo wa kuinulia. Aliyenunua kwa mamia hakuweza kufungua kila kinywa. Aliona rangi, akasikia injini ikinguruma, akalipa. Na injini yaweza kunguruma vizuri sana hali sanduku la gia limekwisha kuliwa.

Sasa yafaa tuingie ndani ya sanduku hilo. Injini ya trekta la minyororo la siku zile ilizunguka kama mara 1,000 kwa dakika moja. Gurudumu la nyuma livutalo mnyororo halitakiwi kwenda mbio hivyo. Latakiwa lizunguke polepole, lakini kwa nguvu ya kung'oa kisiki. Kazi ya gia ni kubadili mbio ziwe nguvu. Gurudumu dogo lenye meno 15 likizungusha kubwa lenye meno 60, lile kubwa huzunguka mara moja wakati dogo limezunguka mara nne. Mwendo umepungua mara nne, na nguvu ya kusokota imezidi karibu mara nne. Weka jozi moja baada ya nyingine, na nguvu ya mwisho huwa kubwa mno. Nguvu hiyo yote hupita penye jino moja au mawili yanayogusana kwa wakati ule, mahali pasipozidi upana wa kidole.

Iko jozi moja yenye kazi ngumu kupita nyingine. Mhimili wa injini umelala kuelekea mbele na nyuma, bali mihimili ya magurudumu imelala kushoto na kulia. Nguvu lazima ipinde kona. Gurudumu dogo, ambalo mafundi huliita pinioni, husukuma gurudumu kubwa liitwalo krauni, na meno ya yote mawili yamechongwa kwa mshazari. Meno ya mshazari hayasukumani mbele tu, bali husukumana na kando pia, kila moja likitaka kumtoa mwenziwe mahali pake. Kwa hiyo hapana budi kila mhimili ushikwe imara usiweze kuyumba, na wakati huo huo uachwe uzunguke bila kukwama. Kinachofanya kazi hizo mbili zinazopingana ni beringi.

Ufundi wa beringi si wa jana. Mwaka 1794 fundi wa chuma wa Wales, Philip Vaughan, alipewa hati ya ubunifu kwa gololi za chuma ndani ya ekseli ya gari la farasi. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko Marekani, alipata hati ya beringi ya namna nyingine, isiyokuwa na gololi bali vipande vya chuma vilivyo vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili. Umbo hilo lina faida kubwa, kwani hubeba uzito wa juu na msukumo wa kando kwa pamoja. Lakini lina sharti: beringi hiyo haijikazi yenyewe. Lazima mtu aikaze, na kipimo cha kukaza ndicho kinachoamua kama itaishi miaka kumi au wiki mbili.

Ikikazwa mno, hupata joto. Chuma chenye joto huvimba, na kikivimba kinajikaza zaidi. Mafuta hukamuliwa yakatoka, na chuma kikavu husugua chuma kikavu. Ikilegezwa mno, mhimili hucheza, pinioni hukimbia na kurudi kila mzigo ukibadilika, na meno hayakutani tena mahali pake bali hugongana kama mchi na kinu. Mkulima aliyefunga nira vibaya hulijua jambo hili. Nira ikibana, shingo ya ng'ombe huvimba, ikilegea, huchubua. Tofauti ni kwamba nira twaipima kwa kiganja, na beringi hupimwa kwa sehemu elfu za inchi. Karatasi moja ya daftari la mwanafunzi ina unene wa kama sehemu tatu au nne za elfu. Basi fundi huongeza au kuondoa vibati vyembamba kuliko hata karatasi hiyo, na kibati kimoja kikizidi au kikipungua, kazi yote ni bure.

Nitaeleza kazi inavyofanyika, maana mtu akiijua hatadanganywa kwa urahisi. Kwanza fundi humwaga mafuta yakingali na moto, ayatazame. Kisha huosha kila kitu kwa mafuta ya taa, wala hatandazi vyombo vyake mchangani. Beringi za pinioni akizikwisha kuzikaza, huzungusha uzi kwenye mhimili na kuuvuta kwa mizani ya kamani. Mizani ikisoma kidogo kuliko kitabu kisemavyo, huondoa kibati, na ikisoma zaidi, huongeza. Halafu huja nafasi kati ya meno. Meno yakibanana bila nafasi hata kidogo hayapati mafuta. Nafasi ikiwa kubwa, hugonga. Katika matrekta mengi ya kiasi, nafasi hiyo ni kama sehemu sita hadi kumi na mbili za elfu ya inchi. Asiye na geji ya kupimia huweka uzi mwembamba wa risasi kati ya meno, akazungusha, kisha akaupima ulivyobanwa.

La mwisho ni alama. Fundi hupaka meno ya krauni rangi nyembamba, ya buluu au ile nyekundu ya risasi iliyochanganywa na mafuta, akazungusha pinioni mbele na nyuma, kisha akasoma mahali rangi ilipofutika. Naam, husoma, kama msomaji huyu asomavyo ukurasa huu. Alama ikiwa karibu na ncha ya jino, pinioni imekaa mbali, lazima isogezwe ndani. Ikiwa shinani mwa jino, pinioni imezama mno, lazima irudishwe. Ikiwa upande wa nje wa krauni, krauni husogezwa kuelekea pinioni; ikiwa upande wa ndani, hutengwa kidogo. Na kila kinaposogezwa kimoja, nafasi kati ya meno hubadilika, hata hapana budi kupima upya. Haraka haina mahali katika kazi hiyo. Nimekwisha kuona vijana wenye akili nyingi wakishindwa kwa sababu tu ya kutopenda kurudia.

Turudi sasa Kongwa, mwaka 1947. Matrekta yaliwasili kabla karakana ya kufaa haijawa tayari. Vipuri havikutosha. Madereva walifundishwa kwa haraka, kwa kuwa eka zilikuwa zikingojewa London. Na kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja meno: matrekta mawili yalifungwa mnyororo mzito kama wa nanga ya meli, yakaenda sambamba yakiuburuta porini ili kung'oa miti, na lingine likafuata nyuma kusukuma mti uliokataa kuanguka. Trekta likikutana na mbuyu, au jembe likinaswa na mzizi, nguvu ya injini haina pa kwenda. Hurudi ndani ya sanduku la gia, ikapiga meno yale yale yaliyokwisha kuchoka huko Ufilipino.

Tena lilikuwako vumbi. Udongo wa Kongwa una mchanga mgumu sana, wa namna ya mawe meupe yang'aayo tunayoyaona hapa kwetu kandokando ya njia. Mchanga huo huweza kukwaruza chuma. Majembe yalilika upesi kuliko ilivyotazamiwa. Ukiingia katika mafuta ya gia kwa njia ya sili iliyochakaa, mafuta hayawi mafuta tena, huwa dawa ya kusagia. Beringi ikisagwa hulegea. Ikilegea, pinioni huyumba. Ikiyumba, meno hugongana. Na vipande vya meno vikianguka chini ya sanduku huokotwa na meno mengine. Aliyeko nje huona trekta zima likivuta hadi siku litakaposimama ghafula.

Kufika mwezi wa Septemba 1947 hivi, theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafai kazi. Tuliweke jambo hili wazi, maana watu hulipita upesi: kwa kila matatu yaliyolipiwa, mawili yalikuwa yamesimama. Mwezi huo huo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kwa sababu ya mishahara, na mgomo ukaenea hadi kwa watu wa reli. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa eka 150,000; zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs huko Uingereza kikachukua vifaru vya vita vya namna ya Sherman, kikavigeuza kuwa matrekta, yakaitwa Shervick, nayo hayakuuokoa mpango. Mwaka 1949 ukame ukamaliza nguvu iliyobaki Kongwa, na Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikakubali kwamba mpango umeshindwa. Pauni kama milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Msomaji asidhani kwamba nasema ukame uliletwa na beringi. Hata kama kila sanduku la gia lingekuwa zima, Kongwa ingalikuwa Kongwa, nayo haikuwa nchi ya kuaminiwa kwa karanga. Nisemalo ni kwamba mpango ulihesabu mashine, ukahesabu eka, ukahesabu tani, lakini mtu awezaye kuweka pinioni mahali pake hakuhesabiwa, au alihesabiwa kama kitu kitakachopatikana chenyewe. Na hapo pana jambo linalonihuzunisha zaidi kuliko hasara ya pauni. Maelfu ya Waafrika walifanya kazi pale, wengi wao ni watu wa Jimbo letu la Kati. Mwafrika aliyekaa juu ya trekta kutwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia sauti ikibadilika chini ya miguu yake, lakini kazi za ufundi wa juu kwa kawaida zilikuwa za Wazungu, na mshahara wa Mwafrika haukumpa sababu ya kusema alichosikia. Masikio yaliyokuwa karibu na ugonjwa hayakuwa na kinywa, na kinywa kilichokuwa na amri kilikuwa mbali.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1955 shirika jipya, Tanganyika Agricultural Corporation, lilirithi mali iliyobaki, na Kongwa ikawa zaidi nchi ya kufugia ng'ombe. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Serikali yetu ilijaribu makazi mapya ya vijiji yenye mashine na majengo ya gharama, lakini mwaka 1966 ikaamua kutoendelea kuanzisha mengine ya namna hiyo, kwani gharama ilizidi mapato. Mwalimu Nyerere alisisitiza mara nyingi kwamba kutoka jembe la mkono mtu apite kwanza kwenye jembe la ng'ombe, na wazee wa Iramba, waliokwisha kulima kwa ng'ombe, hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Miaka ya 1980 matrekta ya Valmet ya Ufini yaliunganishwa Kibaha, na katika miaka ya 2010 yakaja ya Ursus ya Polandi, mahali pale pale.

Lakini trekta nionalo mara nyingi njiani hapa Singida si jipya. Ni lile lililolima miaka mingi Ulaya, likauzwa, likapakwa rangi, likaletwa kwa meli. Mwenyewe amelinunua kwa akiba ya alizeti au vitunguu, pengine kwa kushirikiana na ndugu zake, naye hulima mashamba ya watu kwa malipo ya eka. Hakuna ubaya katika hilo. Wengi wamefanikiwa, na mama mjane asiye na ng'ombe hupata shamba lake kulimwa kwa siku moja. Ila huyu naye amenunua kinywa kilichofungwa. Na mvua yetu ni moja tu, huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Pinioni ikivunjika Januari, haipotezi pesa ya mwenye trekta peke yake. Wako watu ishirini au thelathini walioacha jembe la mkono kwa kumtegemea, na wakipanda kwa kuchelewa, uwele wao utakutana na kiangazi ukiwa bado mchanga.

Kwa hiyo anunuaye na atazame mambo machache asiyohitaji elimu kubwa kuyaona. Fungua kizibo cha mafuta ya gia, chovya kidole, usugue kwa kidole kingine. Unga laini kama majivu ni uzee wa kawaida. Chembe unazozihisi ni ugonjwa. Rangi ya maziwa ni maji yaliyoingia. Inua gurudumu la nyuma kwa jeki, weka vigingi imara chini ya ekseli, ulitikise juu na chini. Likicheza, beringi yake imelegea au imekwisha. Endesha polepole katika kila gia na usikilize: mlio mmoja usiobadilika si kitu cha kuogopa sana, bali mlio unaokuja ukivuta na kunyamaza ukiachia, au unaokuja ukiachia na kunyamaza ukivuta, huo ni wa pinioni na krauni. Muuzaji atakayekukataza kufanya hayo amekwisha kukujibu.

Mwaka uliopita, katika wilaya ya Ikungi, nilimkuta fundi chini ya mti akiwa amelitenganisha trekta la namna hiyo katikati. Amepata ujuzi wake kwa kumtumikia fundi mwingine miaka minane. Alikuwa ametandika turubai safi juu ya udongo, na juu yake vyombo vimepangwa kama sahani za arusi. Nilimwamkia, akaniitikia bila kuinua kichwa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwalimu. Karibu, ila usikanyage turubai."

Alikuwa akikata vibati kwa mkasi kutoka bati la kopo, kwa sababu vya dukani havikupatikana mjini. Kila alichokata alikisugua juu ya kioo kwa msasa laini, akakipima, akakisugua tena. Aliniambia niweke mkono kwenye mhimili na kuuzungusha. Ulizunguka kwa uzito kidogo, kama mlango mzuri. Akaondoa kibati kimoja, akakaza, akaniambia nizungushe tena. Sikuweza kuona tofauti kwa macho, lakini mkono uliijua mara moja.

"Sasa umekaba," nikasema.

"Naam. Ukiuacha hivyo, jioni utanukia."

Akakirudisha. Nilimwuliza alivyojua kipimo pasipo kitabu. Akanijibu kwamba kitabu anacho, picha zake zimo katika simu, naye hukisoma usiku kwa sababu Kiingereza chake ni cha polepole. Lakini kitabu hudhani kwamba vyuma ni vipya, na vyuma vilivyo mbele yake ni wazee, basi hupima kitabu kwanza, kisha hupima mkono, na vikihitilafiana huanza upya. Alifanya kazi ya alama mara tano mbele yangu. Mara ya tano rangi ilifutika katikati ya jino, duara jembamba kama ukucha, akaniita nitazame.

Jioni walipokwisha kulifunga, mwenye trekta akafika na mfuko wa mbegu begani. Wingu lilikuwa limejaa upande wa Manyoni. Akauliza kama kesho alfajiri aweza kufunga jembe. Fundi akamwambia hapana: kesho litembee tupu, polepole, njia ya kwenda kisimani na kurudi, kisha lipoe, keshokutwa yamwagwe mafuta yakiwa na moto, yachujwe kwa kitambaa cheupe, atazame yaliyobaki kitambaani, ndipo atakapotoa ruhusa. Mwenye trekta alinung'unika, akahesabu kwa vidole eka zilizokuwa zikimngojea, akatazama wingu tena. Kisha akamtuma mtoto kwa baiskeli awaambie wenye mashamba wasubiri hadi Alhamisi.